Nusu kaputi au ganzi ya mkono? Namna ya kuchagua kabla hujapasuliwa mkono na kurudi nyumbani siku hiyohiyo

Mimi ni nesi wa chumba cha kuamkia, pale mgonjwa akitoka thieta analetwa akae mpaka akili irudi ndo aende zake, na karibu kila mtu wa oparesheni ya mkono ananiuliza kitu kimoja: nesi, ntalala au ntakuwa naona? Siwalaumu. Hata zamu yangu ya kulala mezani ilipofika (neva ya kifundo cha mkono ilikuwa inabanwa, vidole vitatu vinakufa ganzi kila usiku, naamka navikung'uta kama mtu anashusha kipimajoto cha zamani) swali langu lilikuwa hilohilo.

Ila nikwambie ukweli, hilo swali halikusaidii sana kuchagua. Muda wa thieta ni mfupi, ukilala utapita na ukiwa macho utapita. Tofauti kubwa ya hizi njia iko kwenye masaa yanayofuata, hasa usiku wa kwanza, uko nyumbani na bandeji yako na hakuna kengele ya kumwita mtu. Kwa hiyo anza kufikiria kuanzia huko urudi nyuma. Na ujue daktari wa usingizi atakayekupima ndo mwenye neno la mwisho, hapa nakupa cha kwenda nacho ili msiongee lugha mbili.

Kwanza ujue ziko nne, sio mbili

Watu wanasema "nusu kaputi au ganzi" basi, kumbe kwa mkono ziko nne na hazifanani hata kidogo.

Nusu kaputi unaijua. Dripu inawekwa mkono ule mzima, inapita dawa kama propofoli, nyeupe kama maziwa, unahesabu mbili tatu umeshaondoka, afu unaendelea kulazwa kwa dawa ya kuvuta kama sevoflureni au kwa propofoli hiyohiyo ikiingia taratibu. Kwa kazi fupi ya mkono mara nyingi hawakupitishii mrija mpaka ndani ya koo la hewa, wanakuwekea kifaa laini cha mpira kinachokaa juu ya koromeo, ndo maana watu wanaamka koo linakwaruza wanadhani wamepata mafua.

Ya pili ni ganzi ya mkono mzima. Neva za mkono karibu zote zinatoka shingoni, zinapita nyuma ya mtulinga, zinashuka kwapani, kwa hiyo mtu akizikuta njiani akamwaga dawa kuzizunguka, mkono kuanzia hapo kwenda chini unalala na wewe uko macho unaongea. Wanachoma juu ya mtulinga, chini yake, au kwapani, siku hizi wakiangalia kwa altrasaundi sindano inapita wapi. Kwapani neva tatu zinazoenda kiganjani na vidoleni zimeuzunguka mshipa mkubwa wa damu, ya nne imejitenga kidogo imejificha kwenye msuli, na hiyo ya nne ndo inahudumia ngozi ya kigasha upande wa dole gumba, ikisahaulika na kisu kikapita huko utaijua mwenyewe. Hii njia sio ngeni, madaktari wa Ujerumani walishakuwa wanachoma kwapani na juu ya mtulinga mwaka 1911, kilichobadilika ni kwamba zamani walikuwa wanapapasa sasa hivi wanaona.

Ya tatu wengi hawajawahi kuisikia: ganzi ya kupitia mshipa wa damu. Aliianzisha August Bier mwaka 1908. Mkono unanyanyuliwa na kukamuliwa damu itoke, mpira wa kubana unajazwa upepo kwenye mkono wa juu, afu lidokeini (dawa ya ganzi) nyepesi inaingizwa kwenye mshipa wa kiganjani, inabaki imefungiwa humo. Dakika 5 mpaka 10 mkono umekufa. Ni rahisi kuliko kutafuta neva, ila ina masharti mawili. Mpira haufunguliwi kabla ya dakika 20 hivi hata kama daktari kamaliza kwa dakika 7, kwa sababu dawa ikirudi yote kwa mkupuo kwenye moyo na ubongo ni hatari. Na ukishafunguliwa ganzi inaisha palepale, yaani unafika chumba cha kuamkia maumivu yameshakutangulia. Bupivakeini, dawa ya ganzi inayokaa muda mrefu, haitumiki kabisa kwenye njia hii, watu walikufa.

Ya nne ni ganzi ya palepale, bila mpira na bila usingizi. Daktari mpasuaji mwenyewe anachoma lidokeini iliyochanganywa na adrenalini kwenye eneo atakalopasua, anasubiri kama nusu saa, adrenalini inabana mishipa midogo ya damu, damu inapungua, anafanya kazi yake mnapiga stori. Aliyeipigia debe sana duniani ni daktari wa Kanada anaitwa Donald Lalonde, na hospitalini utasikia wanaiita WALANT.

Usingizi mwepesi sio ya tano. Ni dawa kidogo ya kukutuliza inayoongezwa juu ya ganzi, unasinzia ila unapumua mwenyewe na ukiitwa unaitika. Watu wanaikubali haraka bila kujua kwamba ukishaipokea masharti ya nusu kaputi yanarudi, njaa, mtu wa kukupeleka nyumbani, kutoendesha gari, yote.

Uliza habari za mpira kabla ya kuuliza habari za kisu

Hili halisemwi sana kwa wagonjwa na mimi naona ndo linaamua zaidi. Mkono una damu nyingi na vitu vidogovidogo vingi, daktari akitaka kuona vizuri anafunga mpira wa kubana mkono wa juu, kama ule wa kupimia presha ila wenyewe unajazwa mpaka 250 hivi na unakaa hapohapo, haushuki. Sasa fikiria umechomwa ganzi kiganjani tu. Kiganja hakisikii kitu lakini mkono wa juu unasikia kila kitu, na ule mbano unaanza kama uzito tu, baadaye unakuwa maumivu ya moto ambayo huwezi kuyaelezea. Wengi wanavumilia robo saa, dakika 20. Zaidi ya hapo mtu anaanza kuhangaika mezani na daktari naye anaharakisha, hali ambayo hakuna anayeitaka.

Ndo maana kidole kinachokwama kikikunjwa, ambacho kukifungua ni dakika chache, kinafanyika kwa ganzi ya palepale hata kama mpira umefungwa, ila kuwekewa chuma kwenye mfupa uliovunjika karibu na kifundo ni saa nzima na zaidi, hapo kwa kawaida ni ganzi ya mkono mzima au nusu kaputi. Na hata kwenye ganzi ya mkono mzima kuna mtego: ngozi ya ndani ya mkono wa juu, karibu na kwapa, neva yake inatokea kifuani, haimo kwenye lile kundi la shingoni, kwa hiyo wanachoma kidogo chini ya ngozi pale ili mpira usikusumbue. Ukiona anaongeza sindano hapo usidhani kakosea.

So swali lako la kwanza kwa daktari mpasuaji liwe hili: mtafunga mpira, na utakaa dakika ngapi? Akijibu hatufungi, au tunafunga dakika 10, mlango wa ganzi ndogo uko wazi.

Pima na kazi yenyewe

Kubanwa kwa neva ya kifundo, kidole kinachokwama, uvimbe mdogo wa kidole, hizi kazi ni fupi na ganzi ya palepale inazitosha. Mimi nilichagua ganzi ya mkono mzima kwa sababu nilikuwa nawaona watu wanatoka thieta wanatabasamu, oparesheni ikachukua kama robo saa afu nikakaa na mkono uliokufa mpaka usiku wa manane. Ilikuwa kuua sisimizi kwa shoka. Ingekuwa leo ningechomwa palepale kiganjani nikaondoka na miguu yangu.

Kano zilizokatika ni habari nyingine na hapa ganzi ya palepale ina kitu ambacho nyingine zote hazina. Daktari akishashona kano anakwambia kunja kidole, nyoosha, kunja tena, na wewe uko macho unafanya, anaona kama mshono unaachia nafasi au unakwama mahali, anarekebisha kabla hajafunga ngozi. Aliyelala hawezi kukunja. Mwenye mkono uliokufa mzima naye hawezi, misuli imelala pamoja na neva.

Mifupa mikubwa, chuma, kazi za saa moja na nusu, huko nusu kaputi au ganzi ya mkono mzima, wakihitaji kuchukua mfupa au ngozi sehemu nyingine ya mwili kama nyonga mara nyingi nusu kaputi, na mara nyingine vyote viwili pamoja: unalala, na mkono umeshachomwa ganzi, unaamka huna maumivu. Watu hawajui kwamba inaruhusiwa. Na hata ukilala bila ganzi ya mkono mwombe daktari achome dawa ya ganzi kwenye kidonda kabla hajamaliza, wengi wanafanya wenyewe, ila kuuliza hakuna hasara.

Kuna hali daktari atakataa ganzi ndefu na ana sababu. Mkono uliopondeka au kuvunjika vibaya unaweza kuvimba ndani mpaka misuli ikakosa damu, na dalili ya kwanza ya hilo ni maumivu makali yasiyoendana na jeraha. Ukifisha mkono masaa 15 umeinyamazisha kengele ya hatari. Vilevile kama neva yenyewe iliumia na anataka kuipima ukitoka thieta, akute inajibu, sio imelala kwa dawa.

Pima na mwili wako

Kama wewe ni wa kutapika kwenye basi, au oparesheni iliyopita uliamka unatapika, sema. Kichefuchefu au kutapika baada ya nusu kaputi kunampata karibu mtu 3 kati ya 10 wasipopewa dawa ya kuzuia, na wenye vigezo vyote (mwanamke, havuti sigara, ana historia ya kutapika safarini, atapewa dawa kali za jamii ya morfini) wanafika 7 au 8 kati ya 10. Ndiyo, wavuta sigara wanatapika kidogo, msianze kuvuta kwa ajili hiyo, mapafu yao yanatulipiza sisi huku chumba cha kuamkia. Kwa watu wa hivi ganzi inashinda bila mjadala.

Anayekoroma mpaka pumzi inakata usingizini, ganzi bila usingizi mwepesi ni bora. Wenye kisukari pia, hasa ganzi ya palepale ambayo mara nyingi haidai kufunga kula, sukari inabaki kwenye ratiba yake. Ila kama kisukari kimeshakula neva, miguu inawaka moto usiku na kadhalika, mwambie daktari wa usingizi kabla hajakuchoma ganzi ya mkono mzima, neva iliyokwisha kuumia inachukua muda mrefu zaidi kuamka.

Mwenye ugonjwa mkubwa wa mapafu asikubali haraka sindano ya juu ya mtulinga. Neva inayoendesha kiwambo cha kupumulia iko jirani na mara nyingi inalala nayo upande huo, mtu mzima wa afya hata hagundui, wewe mwenye pumzi ya kuhesabu utagundua. Kwapani ni mbali na hayo mambo. Kwapani vilevile ni pazuri kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu damu ikivuja unaweza kupabonyeza, lakini usiache hizo dawa kwa maamuzi yako, ngoja uambiwe. Selimundu nayo itaje mapema, habari ya mpira inabadilika kabisa.

Watoto wadogo kwa kawaida wanalazwa nusu kaputi na sioni ubaya, mtoto wa miaka mitatu hatakaa kimya meza ya upasuaji eti kwa sababu mkono hauumi. Na watu wazima wenye hofu kali hawapaswi kuaibishwa. Kuna mtu nilimsikia anaambiwa "mwanaume mzima unaogopa nini", akajikaza akakubali kuwa macho, alitetemeka mpaka daktari akashindwa kushona. Kama kusikia tu mkasi unakwambia ukimbie, sema nataka kulala. Ni sababu halali.

Adrenalini kwenye kidole

Hapa ntachelewa kidogo kwa sababu hata wenzangu kazini bado wanabishana. Vizazi na vizazi vya manesi na madaktari tulifundishwa usichome adrenalini kwenye kidole, kitaoza. Yale matukio ya zamani ya vidole kuoza yalitokea enzi za prokeini, dawa ya ganzi iliyokuwa inageuka kuwa tindikali ikikaa muda mrefu dukani, na kidole kilikuwa kinaharibiwa na hiyo tindikali wakati lawama zinaenda kwa adrenalini. Mwaka 2005 ulitoka utafiti uliofuatilia wagonjwa 3110 mfululizo waliochomwa adrenalini kwenye vidole na mikono, hakuna hata kidole kimoja kilichooza. Na ikitokea kidole kimekaa cheupe kupita kiasi kuna dawa ya kuirudisha damu, fentolamini. Kwa hiyo ukiona kidole chako kimekuwa cheupe mezani usipige kelele, ndo kazi yake. Wenye mishipa ya vidole iliyoharibika tayari, vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi au vyenye vidonda visivyopona, hao waseme mapema.

Kitakachokushangaza ni moyo kudunda na mikono kutetemeka kidogo dakika chache baada ya sindano. Ni adrenalini hiyohiyo, inapita. Na sindano yenyewe kuuma inategemea sana mchomaji: sindano nyembamba, dawa ikichanganywa na kidogo ya magadi ya hospitali (bikaboneti) kupunguza ukali wake, na kusukuma polepole. Akisukuma haraka mwambie asukume taratibu, una haki hiyo.

Hatari zenyewe

Ganzi sio kwamba haina hatari. Dawa ikiingia kwa bahati mbaya kwenye mshipa wa damu au ikizidi kipimo, dalili zinaanza mdomoni na masikioni, ulimi unakufa ganzi, ladha ya chuma, masikio yanalia, baadaye degedege na moyo kuvurugika. Ndo maana hata kwa ganzi tunakuwekea dripu na monita, na ndo maana panatakiwa kuwe na mafuta maalumu ya kuingiza mshipani ya asilimia 20 yanayonyonya ile dawa. Ukisikia ladha ya chuma wakati unachomwa usiwe mpole, sema hapohapo. Sindano ya juu ya mtulinga inaweza kugusa mapafu ingawa kwa altrasaundi imekuwa nadra. Jicho la upande huo kulegea kope au sauti kukwaruza masaa kadhaa inatokea, inarudi. Neva kuumia moja kwa moja ni watu wachache sana kati ya 10,000, kuwashwawashwa vidole siku kadhaa ni kawaida zaidi na kwa wengi kunaisha.

Na inaweza kutokushika. Neva moja inabaki macho, wanaongeza sindano chini zaidi, ikishindikana unalazwa. Kwa hiyo hata ukichagua ganzi ya mkono mzima fika na njaa kama mtu wa nusu kaputi.

Nusu kaputi kwa mtu mwenye afya ni salama sana, tusiitishie watu. Gharama yake kubwa ni ile siku yako: kichefuchefu, koo, kichwa kizito, kusahausahau.

Siku yenyewe

Chakula cha kawaida chepesi mwisho masaa 6 kabla, cha mafuta masaa 8, maji matupu unaweza kunywa mpaka masaa 2 kabla, na kunywa ni vizuri, mshipa unaonekana. Wanaotumia zile sindano za kila wiki za kupunguza uzito au sukari waseme wiki moja kabla na sio asubuhi ya oparesheni, zinachelewesha tumbo kujitoa na chakula kinaweza kubaki ndani hata ukifunga. Pete zote zivuliwe nyumbani, kwa sabuni, kidole kikishavimba tunakata. Rangi ya kucha itolewe. Vaa nguo yenye mkono mpana au ya vifungo mbele, sijui kwanini hili haliandikwi popote, nimewavalisha watu shati kichwani na mkono umekufa kama gogo mpaka tukacheka wote.

Mtu wa kukuchukua awepo, akae na wewe mpaka kesho yake kama umelazwa au kutulizwa. Masaa 24 usiendeshe, usisaini makaratasi ya mali, usiamue mambo mazito kwenye simu. Waliochomwa palepale bila chochote cha usingizi wako huru zaidi, ingawa kuendesha gari na bandeji mkono mmoja sikushauri.

Usiku wa kwanza, ndo hapa sasa

Tafiti zilizolinganisha hizi njia kwa upasuaji wa mkono zinasema kitu ambacho nakiona kazini: wa ganzi ya mkono mzima wanaondoka mapema, hawatapiki, hawaombi dawa kali. Lakini ukiwauliza kesho yake na wiki inayofuata, maumivu yao na ya wale waliolala hayatofautiani. Ganzi inakununulia masaa, haikununulii wiki. Na hayo masaa yana mwisho, mwisho wake ndo unaumiza watu.

Iko hivi. Kwa nusu kaputi unaamka na maumivu, unapewa dawa palepale, yanapanda na kushuka ukiwa na watu. Kwa ganzi ndefu, ropivakeini au bupivakeini, unaenda nyumbani huna hata chembe ya maumivu, unakula, unacheka, unalala. Dawa zile zinakaa masaa 8 mpaka 18 hivi, kwa hiyo kama ulichomwa saa 4 asubuhi hesabu mwenyewe inaisha saa ngapi. Mimi iliisha saa 8 usiku. Haikuisha taratibu, nimeamka mkono unawaka na hakuna hata kidonge mwilini, nameza na kidonge kinataka karibu saa nzima kufanya kazi, nimekaa kitandani nalia. Na karatasi ya maelekezo iko kwenye mkoba, ile ambayo mimi mwenyewe nawasomea watu kila siku, sikuifungua.

Kwa hiyo fanya hivi. Uliza umechomwa dawa gani na saa ngapi, andika juu ya bandeji kwa kalamu. Lidokeini au mepivakeini ni masaa 2 mpaka 5, hizo nyingine nimeshasema. Wakikuongezea deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi) muda unarefuka. Anza dawa za maumivu mkono ukiwa bado umekufa, jioni kabla ya kulala hata kama unajiona huna haja, afu weka alamu umeze tena usiku. Parasetamoli kwa mtu mzima wa kilo zaidi ya 50 ni gramu 1 kila masaa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na angalia dawa zako za mafua isije ikawa imo humo pia. Ibuprofeni juu yake inasaidia sana kama huna vidonda vya tumbo, figo mbovu, mimba, au dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa kali ulizopewa ziweke karibu kwa lile saa la ganzi kuisha, wengi wanazihitaji usiku huo tu. Vidole vikianza kutekenya, hapo ndo dakika ya mwisho ya kumeza.

Mkono uliokufa uulinde kama mtoto wa mwenzio. Uning'inize kwenye kitambaa shingoni, usiukaribishe jikoni, usilalie, na kiwiko kisikandamizwe kwenye kona ya kitanda maana neva ya upande wa kidole cha mwisho iko juujuu pale na huwezi kusikia inabanwa. Usishangae ukihisi mkono uko juu hewani kumbe uko mapajani, ubongo umepoteza taarifa unakisia. Na usijaribu kuunyanyua kwa haraka, nimeona mtu kajipiga kibao usoni kwa mkono wake mwenyewe, kilikuwa kibao cha haki.

Kiganja kikae juu ya usawa wa moyo siku mbili tatu, mito miwili mitatu, hii inapunguza maumivu kuliko watu wanavyodhani. Vidole ambavyo havijafungwa vichezeshe vikishaamka.

Piga simu ulikopasuliwa usiku huohuo kama vidole vimekuwa vya bluu au vyeupe na vya baridi na havirudi, kama maumivu yanazidi licha ya dawa na bandeji inahisi kubana (usiogope kuomba ilegezwe), kama damu inaloanisha bandeji na haikomi ukiinyanyua, au kama pumzi inakuwa fupi na kifua kinachoma baada ya sindano ya mtulingani, hiyo ya mwisho usipige simu, nenda. Homa na usaha huja baadaye, siku ya tatu na kuendelea. Na ganzi ikifika masaa 48 bado haijaisha, hata kama haiumi, rudi wakuangalie.